Mtoto wa pili, kilo zangu na macho ya majirani

Mtoto wetu ana miaka 4 na nusu, na hadi leo ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Nyumbani Rubya, wilayani Muleba, jambo hilo linajadiliwa na kila anayepita kando ya kibanja. Mmoja ataniuliza nikiwa nimebeba ndoo ya maji, mwingine ataniuliza baada ya misa, na wa tatu hataniuliza mimi. Atamuuliza mama mkwe wangu, kwa sauti ambayo anajua nitaisikia. "Mdogo wake yuko wapi?" Kabla ya kuuliza huwa wanatazama tumbo langu. Tumbo lipo, ila si la mimba.

Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto wa pili kwa mwaka wa pili sasa. Tunaishi Bukoba mjini, ambako nafanya kazi ya uandishi wa habari za afya, na tukipata nafasi tunakwenda Rubya kwa wazazi wake. Kazini habari zinazofika mezani ni za malaria, chanjo na kliniki za wajawazito. Habari za mwanamke ambaye tayari amezaa na sasa hashiki mimba hazifiki, kwa sababu hakuna anayemhesabu kuwa ana tatizo. Ana mtoto. Akilalamika anaambiwa amshukuru Mungu, wapo wasio na hata mmoja.

Kushukuru nashukuru. Lakini shukrani haipevushi yai.

Madaktari hawaangalii kama ulishazaa au la. Wanaangalia muda. Mke na mume wakikutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba haijapatikana, wanapaswa kuchunguzwa. Mwanamke akiwa amevuka miaka 35, asisubiri zaidi ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hukutana na ugumba katika maisha yake, na ndani ya hesabu hiyo wamo watu kama sisi, wenye mtoto mmoja anayeomba mdogo wake kila anapoona mtoto mchanga wa jirani.

Sasa nije kwenye kilo. Nilipobeba mimba ya kwanza nilikuwa na kilo 61. Urefu wangu ni sentimita 158. Mwaka jana nilipopanda mzani, ulisoma 81. Ukitaka kujua uzito wako unamaanisha nini, chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu lake ligawe tena kwa urefu uleule. Mimi kabla ya mimba nilikuwa 24.4, ambayo ni kawaida. Mwaka jana nilikuwa 32.4. Kawaida inaanzia 18.5 hadi chini ya 25. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Kipimo hiki wahudumu wanakiita BMI. Si kamilifu, kwa kuwa hakijui kama kilo zako ni misuli ya jembe au ni mafuta ya kukaa ofisini, lakini kwangu hakukuwa na utata. Jembe sijalishika kwa muda mrefu.

Hizo kilo 20 zina historia. Nilipojifungua nililelewa Rubya kama mzazi anavyolelewa. Asubuhi uji wa maziwa, saa nne supu, mchana ndizi na nyama, jioni ndizi tena, na katikati kuna mtu amesimama mlangoni na kikombe. Nikisema nimeshiba naambiwa si mimi ninayekula, ni maziwa ya mtoto. Sina malalamiko. Ni upendo, na kwa wiki za mwanzo mwili unauhitaji. Tatizo ni kwamba likizo iliisha, nikarudi Bukoba na hamu ileile ya kula, huku siku nzima nimekaa kwenye kiti na jioni narudi nyumbani kwa bodaboda. Wenzangu niliosoma nao waliobaki Rubya wanapanda na kushuka vilima kila siku na mkungu kichwani. Wamezaa watatu, wanne, na nguo zao za harusi bado zinawaenea.

Wala si mimi peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene. Wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28. Mjini hali ni kubwa kuliko vijijini.

Mama mkwe wangu aliposikia nataka kupungua alishika kichwa. "Mwanangu, mgomba uliokonda unatoa mkungu gani?" Kwake mwili ni akiba. Mwanamke mnene ana maziwa, ana nguvu ya kujifungua, na zaidi ya yote anaonyesha kwamba kwa mume wake kuna chakula. Mabibi zetu wanasimulia jinsi bibi harusi alivyowekwa ndani baada ya ndoa, akala bila kugusa jembe, hadi siku anapotoka watu waseme ametunzwa.

Na imani hiyo ni ya zamani katika mkoa wetu. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, alifika Karagwe kwa Mfalme Rumanika. Aliwakuta wanawake wa jumba la mfalme wakinenepeshwa kwa maziwa hadi wengine hawawezi kusimama wima. Mmoja wao, shemeji wa mfalme, alikubali kupimwa. Speke aliandika kwamba mzunguko wa mkono wake ulikuwa futi 1 na inchi 11, yaani sentimita 58 hivi, na kifua futi 4 na inchi 4, kama sentimita 132. Pembeni alikaa binti yake wa miaka 16 akinywa maziwa, huku baba ameshika fimbo kuhakikisha hasiti. Nikisoma habari hiyo namfikiria yule binti kuliko namba. Lakini kuna jambo jingine humo ambalo mama mkwe wangu angelishika haraka: yule mama mnene alikuwa amezaa. Binti alikuwa ameketi hapo hapo.

Ndiyo maana nasema mapema: unene haumfungi kizazi kila mwanamke. Wako wanene wanaoshika mimba mwezi wa kwanza wa kujaribu, nawajua. Uzito unapunguza uwezekano na unachelewesha. Kwa baadhi yetu unachelewesha sana.

Daktari wa kina mama niliyemwona alinieleza hivi. Mafuta ya mwili si gunia lililowekwa stoo. Ni kama kiwanda kidogo, na moja ya vitu kinavyotengeneza ni homoni ya kike, estrojeni. Ubongo hutegemea homoni hiyo ipande na kushuka ndani ya mwezi ili ujue lini uamuru yai lipevuke. Mafuta yakiwa mengi, ile ya ziada inamwagika muda wote na ubongo unapoteza hesabu. Halafu kuna insulini, ile inayosaidia sukari iingie kwenye seli. Mwili mnene, hasa unene wa kiunoni, unaizoea insulini, kwa hiyo kongosho linaongeza kipimo. Insulini ikizidi, vifuko vya mayai vinaanza kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na yai linakwama njiani kabla ya kukomaa.

Kwangu dalili ilikuwa hedhi. Kabla ya kuzaa ilikuwa ya siku 28, unaweza kuwekea saa. Nilipofikisha kilo 80 ikawa siku 40, mara 47, mara moja ikafika 63. Mwanamke anayetafuta mtoto anajua maana ya siku 63. Kuanzia siku ya 35 unatembea taratibu. Siku ya 40 unanunua kipimo cha mimba kwenye duka la dawa ambalo si la mtaa wako. Mstari ni mmoja. Unasubiri wiki, unanunua kingine. Siku ya 60 umeshachagua jina, ingawa hujamwambia mtu. Siku ya 63 unakwenda chooni kazini na unarudi kwenye kiti chako, unaendelea kuhariri habari ya vyandarua.

Wapo wanawake ambao hali hii ina jina lake. Vifuko vya mayai vinakuwa na vijiyai vingi vidogo visivyokomaa, hedhi inaruka miezi, ndevu chache zinaota kidevuni, chunusi haziishi. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba inawapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake wenye umri wa kuzaa, na hadi asilimia 70 yao hawajui kama wanayo. Uzito hauileti peke yake, ila unaichochea. Mimi ultrasaundi haikuonyesha hivyo. Lakini kama unajitambua katika maelezo haya, usiishie kununua krimu ya chunusi.

Kabla sijampata daktari huyo nilikwenda kwanza kwenye kliniki moja ambayo sitaitaja. Nilieleza shida yangu nikiwa bado nimesimama. Mhudumu alinitazama kuanzia chini hadi juu, akasema, "Dada, wewe punguza huo mwili kwanza ndiyo urudi." Hakunipima uzito. Hakuuliza hedhi, hakuuliza niliwahi kutumia uzazi wa mpango gani, hakuuliza kama nina mume. Nililipa pesa ya kumwona na nikatoka.

Alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake, na bado ilikuwa tiba mbaya. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu naamini hapa ndipo wanawake wengi wanene wanapopotezewa muda.

Katika nchi zetu sababu kubwa ya mwanamke aliyezaa kushindwa kuzaa tena ni mirija ya uzazi kuziba. Inazibwa na maambukizi: ya zinaa, au yaliyoingia baada ya kujifungua au mimba kuharibika na hayakutibiwa vizuri. Sisi watu wa Buhaya tuna historia na jambo hili. Mwanahistoria Shane Doyle, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu Buhaya, Buganda na Ankole, ameeleza jinsi magonjwa ya zinaa yalivyoshusha uzazi katika maeneo haya nyakati za ukoloni. Bibi zetu waliachwa, waliitwa majina, waliletewa wake wenza, kwa sababu ya ugonjwa ambao mara nyingi uliletwa nyumbani na mwingine. Sasa fikiria mwanamke mwenye mirija iliyoziba anayeambiwa apunguze mwili kwanza. Atajinyima mwaka mzima, atafika kilo 65, na mirija itakuwa imeziba vilevile, naye ameongeza mwaka mmoja wa umri.

Kwa hiyo uchunguzi na kupungua vinakwenda pamoja, kimoja hakisubiri kingine. Daktari wa pili alianza na maswali. Nilijifungua wapi na vipi? Nilipata homa baada ya kujifungua? Niliwahi kuharibikiwa mimba? Nilitumia njia gani ya uzazi wa mpango? Nilikuwa nimetumia sindano ya miezi mitatu hadi mtoto alipotimiza miaka 2. Kijijini sindano hiyo ndiyo inayobeba lawama zote, kwamba imenikausha. Ukweli ni kwamba uwezo wa kushika mimba unachelewa kurudi baada ya sindano, wastani wa miezi 10 hivi tangu ile ya mwisho, lakini unarudi. Mimi ilikuwa imepita miaka miwili na zaidi. Sindano ilishaondoka kwenye orodha ya washukiwa, ingawa hilo sijafanikiwa kumweleza shangazi. Inachoweza kufanya sindano kwa baadhi ya wanawake ni kuongeza uzito, na huenda kilo kadhaa kati ya zile 20 ni zake.

Kisha vikaja vipimo. Damu kwa ajili ya sukari, tezi ya shingo na homoni ya maziwa, kipimo cha VVU na kaswende, ultrasaundi, na baadaye picha ya mirija kwa dawa inayoonekana kwenye eksirei. Hicho cha mwisho kinauma, wasikudanganye. Mirija yangu iko wazi. Nililia kwenye korido kwa furaha, na mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akanipa pole akidhani nimepewa habari mbaya.

Ndipo daktari akarudi kwenye mzani. Hakuniambia nirudi kilo 61. Aliniambia nipunguze asilimia 5 hadi 10 ya uzito niliokuwa nao, kwangu kilo 4 hadi 8, kwa sababu kiasi hicho tu mara nyingi kinatosha kuurudisha mwili kwenye hesabu yake na yai likaanza kupevuka. Kilo 4 ni ndoo ndogo ya maji isiyojaa. Kilo 20 ni mlima, na mwanamke anayeonyeshwa mlima hukaa chini. Aliniambia pia sababu ya pili, ambayo watu hawaitaji: mimba ikija juu ya uzito mkubwa, hatari ya kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kifafa cha mimba, na kujifungua kwa upasuaji inaongezeka. Kupungua kabla kunamsaidia mama hata kama kungekuwa hakumsaidii yai.

Sikuacha ndizi. Nasema hivyo kwa sababu mashoga zangu wote wa mjini waliniambia niache ndizi, na nikamwuliza daktari kwa hofu kama anayeulizia ndugu. Ndizi za kuchemsha na maharage ni chakula kizuri. Kilichokuwa kinaninenepesha ni kilichozunguka ndizi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula kina kalori 120 hivi, na mimi nilikuwa namimina bila kijiko. Soda ya chupa moja ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, nami nilikuwa nakunywa moja kila mchana kazini. Chapati mbili za asubuhi, sukari vijiko vitatu kwenye chai, na sahani ya jioni iliyojaa saa tatu usiku kisha kulala. Niliacha soda, nikapunguza mafuta na sukari, nikaanza kula jioni mapema, nusu ya sahani ikiwa mboga za majani. Bodaboda nikaiacha kwa safari ya jioni. Natembea kutoka katikati ya mji hadi Kashai, dakika 40 kwa mwendo wangu. Senene sikuacha. Novemba ikifika kuna mambo mtu haombwi.

Nilikataa chai za kukata tumbo na vidonge vya kupunguza mwili ambavyo vinauzwa kila kona na kwenye simu. Mwanamke anayetafuta mimba anaweza kuwa nayo bila kujua, na vingi vya vitu hivyo hakuna anayejua kilichomo. Nilianza pia kumeza foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, ambayo inashauriwa kuanzia pale unapoanza kujaribu hadi wiki ya 12 ya mimba ili kumkinga mtoto na matatizo ya mgongo na ubongo. Wengi tunaianza kliniki, mimba ikiwa na miezi mitatu au minne, wakati sehemu hizo zimeshajengeka.

Miezi sita baadaye mzani ulisoma 75. Hedhi ikaja siku ya 36, mwezi uliofuata siku ya 33, kisha 31. Sijashika mimba, lakini kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mwili wangu unasema jambo linaloeleweka.

Hapo ndipo Rubya ilipoanza kunitazama kwa namna nyingine.

Kagera ndiko wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini waliporipotiwa, mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujapata jina watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha fasheni kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini wazazi wetu walizika, na walichojifunza ni kusoma mwili wa mtu. Mtu alianza kupungua, suruali ikaanza kupwaya, kisha miezi ikapita na kaburi likachimbwa kwenye migomba. Zaidi ya miaka 40 imepita, dawa za kufubaza virusi zipo na hutolewa bure, na anayezitumia vizuri huwezi kumtambua kwa kumtazama. Macho hayajasahau.

Nilipofika nyumbani na kilo 75, shangazi wa mume wangu alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. "Waitu, umepungua," akasema. Nikamwambia najua, nimepungua kwa makusudi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayesikia uongo wa mgonjwa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumepima, na kama tunameza. Nikamwambia tumepima, wote, hatuna. Akasema hata ningekuwa nayo angenipenda vilevile. Ilikuwa ni sentensi nzuri kuliko zote nilizoambiwa mwaka ule, na iliniudhi mno. Jioni jirani alileta mayai 10. Mwingine akaleta maziwa. Hakuna aliyesema kwa nini.

Nimewasikia wanawake wengine wakisema walianza kupungua wakaacha, kwa sababu ya minong'ono tu. Mume mmoja alimwambia mkewe arudishe mwili kwa kuwa watu wanamsema yeye kwamba hamlishi. Wataalamu wakija vijijini na mabango ya lishe waelewe wanazungumza na watu gani. Kumwambia mwanamke wa Kagera apungue ni kumwambia avae nguo ambayo jirani zake waliiona mara ya mwisho msibani.

Na kusema kweli wasiwasi wa mama mkwe wangu kuhusu mgomba uliokonda nao una msingi. Wifi yangu mmoja aliyeolewa kijiji cha jirani ana tatizo la upande wa pili. Shamba lao lilipigwa na mnyauko wa migomba, ule ugonjwa uliothibitishwa Kagera mwaka 2006, wakang'oa karibu yote. Analima vibarua asubuhi hadi jioni, anakula mara moja, na alikuwa bado ananyonyesha. Hedhi ikapotea miezi saba. Watu walidhani ana mimba. Kumbe mwili ulikuwa umefunga duka. Mafuta yakipungua sana, homoni inayoitwa leptini inashuka, na ubongo unasoma kwamba njaa imeingia, huu si wakati wa kubeba mtoto. Chini ya 18.5 kwenye ile hesabu ya kilo na urefu, jambo hili si la ajabu. Dawa yake haikuwa duka la dawa. Ilikuwa mlo wa pili kwa siku, na ng'ombe wa maziwa ambaye ukoo ulichangishana. Mimi na yeye tukikaa meza moja, ninampunguzia sahani yangu. Tunacheka, lakini tunajua tunachofanya.

Nimebakiza mtu mmoja, ambaye katika mazungumzo yote ya kijijini hakuwahi kutajwa.

Mume wangu ana kilo 96. Hakuna aliyewahi kutazama tumbo lake kabla ya kumuuliza swali. Kwa mwanamume kitambi ni cheo. Lakini katika karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika kupata mtoto, upande wa mwanamume una mchango, na uzito ni sehemu yake: mafuta yanageuza homoni ya kiume kuwa ya kike, na joto la mapaja na tumbo linafika kwenye korodani, ambazo Mungu aliziweka nje kusudi zikae kwenye ubaridi. Ongeza bia, rubisi ya wikiendi na kukaa kwenye gari saa nyingi. Daktari alitaka kipimo chake tangu siku ya kwanza. Ilichukua miezi mitano kumfikisha maabara. Kwanza alikuwa na safari, kisha alikuwa na mafua, kisha akasema wazi: "Mimi nimeshazaa. Mtoto si yule pale?" Nikamwambia na mimi nimeshazaa, mtoto ni yuleyule.

Hakukuwa na ugomvi. Alikaa siku mbili, akaenda.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko vyote nilivyopitia: usikutane na mwenzako kwa siku 2 hadi 7, kisha unatoa mbegu kwenye kichupa. Kiwango cha chini kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita. Yeye alikuwa na milioni 9. Si sifuri, na mtu wa milioni 9 anaweza kuzaa. Ila nusu ya mzigo niliokuwa nimebeba peke yangu kwenye vilima vya Rubya ilikuwa yake.

Daktari alimwambia apunguze kilo, apunguze pombe, aache kuweka kompyuta mapajani, na arudi baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu moja inachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa. Kinachoonekana leo ni matokeo ya maisha ya msimu uliopita. Siku hizi tunatembea wote hadi Kashai, yeye akihema zaidi yangu.

Tulipokwenda Rubya mara ya mwisho nilikuwa jikoni na mama mkwe, tunamenya ndizi. Mume wangu aliingia, jambo ambalo si kawaida yake, akavuta kigoda akaketi. Akasema, "Mama, wakikuuliza habari ya mtoto wa pili, usiwaelekeze kwa mke wangu. Waambie waje kwangu. Nimepima, na mimi nina upungufu." Mama hakuinua uso. Alimenya ndizi mbili nzima, akaziweka kwenye beseni la maji, kisha akamuuliza kama dawa yake inapatikana Muleba au mpaka Bukoba. Akamwambia dawa ni kula kidogo na kuacha rubisi.

"Hiyo ni dawa gani?" mama akasema, na mchana alimpakulia sahani ndogo kuliko yangu.

Kipimo chake cha pili ni mwezi ujao.